Bunduki ya Baba Mkwe

Naona aibu kusema, lakini nyie si mnataka kucheka? Haya, chekeni. Mimi ndiye niliyetoboa bati la baba mkwe siku ya posa yangu mwenyewe.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilimwagika mpaka Lushoto, watu wakaacha kushonesha, na mimi niliyekuwa natengeneza vyerehani (fundi hasa, msinitazame hivyo) nikabaki kibarazani napiga miayo. Ndipo Mzee Shebughe wa Shume, baba yake Neema wangu, akaniletea bunduki yake ya kulindia viazi. Kibali anacho, ila triga ilikuwa ngumu, mpaka aivute nguruwe pori ameshashiba na kuondoka.

"Utaiweza, mwanangu?"

Jamani, baba wa mchumba anakuuliza hivyo, utasema hapana? Nikajibu, "Kazi ya asubuhi moja hiyo, Tate." (Tate ni baba kwa Kisambaa; na ndani ya bunduki sikuwahi kuona hata skrubu.)

Nikatoa risasi, nikafungua, nikasugua, nikalegeza springi, triga ikawa laini, ukiigusa tu inaitika. Nilivyojisifu! Halafu, kwa kuwa kitu cha mkubwa unakirudisha kama ulivyokipokea, nikazirudisha na risasi zake zote.

Jumapili ya posa, baada ya ibada, sebule ya Mzee ikajaa wajomba na mashangazi, mshenga wangu anaongea vizuri mno, na mimi nikaona nimalizie kwa kishindo. Nikasimama, nikakoki klak-klak wausikie ufundi, mdomo wa bunduki juu, nikaishika kwa mikono miwili, nikainama nimkabidhi.

"Shikamoo, Tate."

Kitako kikagonga meza. Paa!

Shangazi yuko chini ya meza, mshenga namwona mgongo tu anapotelea kwenye kabichi, Mzee kichwani vumbi tupu. Nikajua Neema ndio basi tena.

Mzee akaichukua taratibu, akatoa risasi zote, akachungulia ndani, akachungulia tena. "Ilikuwa ngumu," akasema, "lakini ilikuwa inanisubiri."

Neema nilipewa, ila baada ya bunduki kupelekwa Tanga kwa fundi mwenye leseni, na kila anayeniletea bunduki leo namwelekeza hukohuko. Lile tundu Mzee amegoma kuliziba. Tukienda kumsalimia mvua ikinyesha, anachukua kigoda, anakiweka palepale panapovuja.

"Karibu ukae, fundi."

Nami nakaa.