Siku Nilipompandisha Kanyere Mlimani

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, lakini naikumbuka vipande vipande, na hata leo sijui vipande vyenyewe vinaungana wapi. Umeniambia kwamba wewe na mke wako mnataka kumpeleka mtoto mlima Ruwenzori, njia ikiwa na amani, mpande kidogo ndani ya mbuga. Sikukatazi. Ila kaa kwanza nikueleze.

Unanijua mimi ni nani. Nilitoka kijijini Masereka bila viatu, nikafika Ubelgiji, nikarudi na diploma ya mashine za baridi. Hakuna aliyenishika mkono. Katika Butembo nzima, chumba cha baridi cha nyama kikigoma, mimi ndiye niliyeitwa. Sisemi hivyo ili nijisifu. Basi, kidogo najisifu. Lakini nasema ili ujue kwamba aliyekosa siku ile hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalonichanganya.

Nilikuwa nimerudi na kiti cha kubebea mtoto mgongoni, cha vyuma vyepesi na turubai, chenye kifuniko cha mvua. Hakuna aliyekuwa nacho. Dada yako Kanyere alikuwa na miezi minane. Nikaamua kwamba yeye, mimi na mama yako tutapanda mpaka mahali barafu inapoonekana, tupigwe picha, niwatumie wenzangu niliosoma nao.

Kule Mutwanga, chini ya mlima, tulipewa mbeba mizigo, Mzee Kambale, mtu mfupi wa maneno machache. Alikizunguka kile kiti mara mbili, akaniita patron, yaani bosi.

"Patron, iyi ni kiti ao ni mutego ya panya?"

"Ni ya Bulaya, mzee."

"Donc, batoto ya Bulaya habana bamama?"

Mama yako alicheka sana, eti watoto wa Ulaya hawana mama. Mimi sikucheka.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipita mashamba ya kahawa, tukaingia msituni, tukalala kwenye nyumba ya kwanza ya wapandaji. Asubuhi mama yako akasema, "Baba Kanyere, mutoto ameona mulima. Inatosha, turudie hapa." Nilimwambia picha bado.

Tukaingia kwenye mianzi. Kulikuwa na jua, na njia inapanda kama ngazi. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Nilisikia joto, nikasema mtoto naye anasikia joto. Nikamvua sweta na kofia.

Halafu ukungu ukaja. Ulishuka kutoka juu au ulipanda kutoka chini, sikumbuki. Manyunyu yakaanza, nikafunga kifuniko. Mimi bado nilikuwa natoa jasho, shati langu linafuka mvuke. Kanyere akalia nyuma yangu.

"Unipe, nimubebe," mama yako akasema.

"Acha, atanyamaza."

Na kweli akanyamaza. Nikaona nimeshinda. Mama yako aliomba nifunue amwone, nikakataa, nikasema mvua itaingia, mtoto amelala. Aliomba tena. Mara ya tatu alikuwa analia yeye mwenyewe, nami nikaongeza mwendo.

Mzee Kambale ndiye aliyesimama katikati ya njia.

"Patron, mutoto amelala tangu wapi?"

Nilifungua kinywa nijibu. Tangu kwenye mianzi? Tangu pale tulipovuka maji? Sikujua. Mzee hakungoja. Alitua mzigo, akafunua.

Midomo ya Kanyere ilikuwa ya kijivu. Turubai lilikuwa limelowa, na nguo zake pia. Nilimshika mkono: ulikuwa kama ile nyama ninayoigusa kazini. Macho yalikuwa nusu wazi, na hayakunitazama mimi wala mama yake.

Hapo kichwa changu kiliniacha. Nilipiga kelele tupande, juu kuna nyumba nyingine, kuna moto. Kisha nikasema hapana, tushuke, nikaanza kushuka peke yangu, mikono mitupu, nikarudi mbio. Nikatafuta kiberiti mifukoni. Nikataka kumtikisa mtoto aamke.

"Patron, ikala chini! Unyamaze!"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo tangu nirudi. Nikakaa kwenye matope.

"Mama," akamwambia mama yako kwa upole, "umutoe nguo ya maji yote. Umuweke ku kifua, ngozi ku ngozi." Akageuza uso kwa heshima, akatoa blanketi kavu mzigoni, na koti lake mwenyewe. Mama yako akajifunga na mtoto ndani ya kikwembe, kitenge chake, blanketi juu, koti juu ya blanketi. Mzee akatandaza plastiki juu yao. Mimi nilipewa kona moja ya plastiki niishike.

Tulikaa muda gani? Usiniulize. Kanyere hakutaka ziwa la mama yake. Mama yako alikuwa anamwita jina polepole, kama mtu anayeita ndani ya nyumba asiyojua kama ina watu. Kisha mtoto akakohoa. Akashika ziwa, akaliacha. Halafu akalia, mwanangu, akalia kwa hasira mlima ukaitika.

Mzee Kambale akaketi karibu nami. "Weye uko natembea, patron, joto inakutoka. Mutoto hapana tembea. Anakaa tu mu chuma na upepo. Joto yako haimufikie."

Maneno hayo niliyasoma darasani kwa lugha nyingine, nikayafanyia mtihani, nikafaulu. Nilifikaje pale bila kuyajua? Na jambo lingine sielewi: mama yako aliomba mara tatu, nami nikamjibu kama vile mtoto ni wangu peke yangu.

Tulishuka yeye akiwa amembeba Kanyere kifuani. Hakumwachia mtu mpaka tulipofika mjini Beni.

Basi sikiliza. Nendeni mlimani, ni pazuri, lakini usimpime mtoto kwa jasho lako. Kila mnapopumzika, ingiza mkono nguoni, umguse shingo na tumbo. Nguo kavu zikae mzigoni, si mawazoni. Akinyamaza baada ya kulia, usishukuru, mwangalie. Na mke wako akisema turudi, rudini hapo hapo, hata kama kilele kiko mbele ya pua yako, hata kama una diploma nyingi kuliko mimi.

Mungu awatangulie njiani na awarudishe wote watatu. Akupe masikio ya kumsikia mkeo mara ya kwanza. Na mtoto wenu ajaliwe kulia kwa sauti kubwa, awasumbue miaka mingi.