Milka Asiyehesabu Watu

Milka Nyokabi alifeli mtihani wa wodi mara mbili kwa kosa ambalo Mwingereza hawezi kulielewa hata umchoree: alikataa kuhesabu watu.

Karatasi za kuandika alizipita zote. Figo, ini, kongosho, alivijua kama mtu anavyowajua majirani wabaya. Lakini Baraza la Wauguzi lilitaka pia uongoze wodi asubuhi nzima huku mtahini akikufuata na kalamu, na swali la kwanza ni lile lile: una wagonjwa wangapi? Mara ya kwanza Milka alijibu, "Wapo wote, Sista." Mara ya pili akawataja kwa majina, akamruka mmoja. "Moto ukizuka," mtahini akamwambia, "huyo uliyemruka ataungua." Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, huandikwi kwenye rejista, na miaka mitatu ya kubeba mikojo ya watu inageuka hadithi ya kuwachekesha watu wa Murang'a.

Kwao watu hawahesabiwi. Nyanya yake hakuhesabu hata mbuzi. Aliwatazama tu, akajua nani hayupo. Ukimhesabu mtu umemwonyesha kifo mlango wake. Milka aliyaona hayo mambo ya kizee hadi mwaka wa sabini na moja, akiwa mwanafunzi wa miezi minne, alipotumwa kuhesabu wanaotaka chai. Akapita akinyoosha kidole, moja, mbili, tatu. Kwenye kumi na tisa kidole kikasita, maana mgonjwa yule alimsemesha Kiswahili. Ni Baldev Singh, fundi wa karakana ya reli Nairobi kabla ya kuhamia huku Uingereza.

"Binti, chai bado?"

Milka akacheka, akaenda, akarudi na kikombe. Fundi alikuwa ameshakata roho, mkono umelala juu ya blanketi, kiganja wazi.

Tangu siku hiyo anamsikia. Si ndotoni. Ni mchana kweupe, jikoni kwetu mtaani Newtown, ghorofa ya kumi na moja, akifungua tu kitabu: Binti, chai bado?

Mimi binamu yake ndiye niliyekuwa mtahini wa mazoezi, kwa kuwa nina uzoefu mkubwa wa kufeli.

"Haya, Sista Nyokabi, una wagonjwa wangapi?"

"Wacha mchezo."

"Taja namba tu, dada. Watakufa hata usipowahesabu. Ile ni hospitali, si harusi."

"Wewe ungewahesabu watoto wa mama yako?"

Nikageuza ukurasa wa kitabu. Yeye akageuka ghafla kutazama mlango. Nami nikageuka, Mungu anisamehe. Hapakuwa na mtu.

Siku ya mtihani alikuja Sista Pritchard, mwanamke mkavu kama biskuti za hospitali.

"Nesi, una wagonjwa wangapi?"

"Vitanda ni thelathini, Sista. Vitupu ni sita."

Pritchard akamtazama juu ya miwani. "Kwa hiyo ishirini na wanne," akasema mwenyewe, kwa sauti, akielekeza kalamu wodini. Akaandika. Dawa zikagawiwa sawa, vidonda vikafungwa sawa, na saa sita akasaini: amepita.

Nilinunua kuku. "Umemtegea mzungu ahesabu!" nikamwambia. "Balaa ni lake sasa." Milka alicheka mpaka akashika meza.

Kesho yake aliporipoti zamu ya asubuhi, vitanda vitupu vilikuwa saba. Amekufa mzee wa miaka themanini na tisa, mapafu yamejaa maji. Hata mimi ningemtabiria.

"Si wewe uliyehesabu," nikamwambia jioni.

"Nilimpa thelathini, nikampa sita. Nilimbakizia nini?"

Nikampakulia kuku wa jana.

Baada ya wiki kadhaa barua ya Baraza ikaja. Niliifungua mimi, nikapiga vigelegele kama shangazi wa bibi arusi: jina lake liko kwenye rejista, na mbele yake namba, tarakimu sita, ya kwake peke yake maisha yote. Nikamsomea namba ile kwa madaha, moja moja.

Milka akainyakua barua, akaifunika kwa kiganja.

"Na mimi wamenihesabu," akasema.

Kisha akavaa viatu, akafunga koti, akaenda kazini, maana zamu ilikuwa yake.