Zamda na Mkondo wa Kwa Mtoro

Zamda Mtoro hakuwa mtu wa kusahau. Shangazi yake Mwanaidi, aliyemlea hapo Kibiti, alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimkanyaga leo, baada ya miaka kumi atakuonesha unyayo wako ulipopita. Waliomkanyaga hawakuwa wamemwuliza shangazi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye shirika moja la kutunza mikoko lenye ofisi nyuma ya soko. Alianza kwa kuhesabu miche kwenye matope ya delta, akapanda polepole, hata meneja wa mradi alipostaafu akakaimishwa nafasi yake. Akakaimu miaka miwili. Ripoti aliandika yeye, ugomvi wa vijiji alisuluhisha yeye. Nafasi ilipotangazwa, wenzake walianza kumwita meneja kabla hata hajaomba.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa kuandika. Akaongoza. Wa pili akaitwa Dar es Salaam. Akapanda basi la alfajiri, akafika akaambiwa jopo limeahirisha, arudi wiki ijayo. Akarudi. Wa tatu ulikuwa kwa video. Mtandao ukakatika mara nne, na kila uliporudi wakamwuliza swali lile lile la uzoefu wake wa kuongoza. Mwenyekiti wa jopo, Bwana Ridhiwani, mkuu wa utumishi kutoka makao makuu, alimsikiliza huku macho yake yakiwa kwenye simu nyingine.

Mara ya nne haikuwa na maswali. Ridhiwani alimwandikia barua pepe: atengeneze mpango wa miaka mitatu wa mradi mzima, kijiji kwa kijiji, "ili jopo lipime upeo wako." Zamda akaufanyia kazi siku kumi na mbili. Akaandika wapi mikoko ya aina ya mkandaa inashika na wapi chumvi imezidi hata hakioti kitu ila mikoko ya mchu, na maji makuu ya bamvua, ya mwezi mpevu na mwandamo, yanapanda hadi wapi. Kitalu cha kwanza akakipangia kwenye mkondo wa Kwa Mtoro. Jina hilo halimo kwenye ramani yoyote. Marehemu baba yake alikuwa akitega kaa pale, na waliopaita hivyo ni watu wa nyumba yake tu, kalamu ilimponyoka.

Wiki saba kimya. Kisha Ridhiwani akapiga simu.

"Bi Zamda, tunakushukuru kwa kushiriki. Jopo limeona bado hujakomaa kwa nafasi ya juu. Jumatatu anakuja meneja mpya, Bwana Saidy Sadala. Mpokee, umwelekeze kazi."

Akampokea. Siku ya tatu Saidy akawagawia wafanyakazi mpango wake wa miaka mitatu, umechapwa vizuri, jina lake juu ya jalada. Zamda akaufungua. Ukurasa wa kumi na moja akakutana na baba yake: kitalu cha kwanza, mkondo wa Kwa Mtoro. Hata nukta hawakugusa.

Jioni akamsimulia shangazi.

"Mwachie Mungu, mwanangu," alisema Mwanaidi.

"Nimemwachia, shangazi. Mimi nitafanya sehemu yangu tu."

Tangu hapo akawa mpole kuliko wote ofisini. Ndiyo bosi, sawa bosi. Wafadhili walipotangaza ziara, yeye ndiye aliyeandika ratiba, akaweka katikati mstari mmoja: kuzuru eneo la kitalu cha kwanza. Saidy akatia saini bila kusoma.

Siku ikafika. Kwenye gati la Nyamisati boti ilikuwa tayari, na Bi Kudra, mwakilishi wa wafadhili, ameshavaa boya lake. Ridhiwani naye alikuja, kanzu nyeupe na viatu vinavyong'aa. Fikirini, nahodha, akamgeukia Saidy.

"Bosi, Kwa Mtoro ndiyo wapi? Miaka thelathini napita humu, sijapasikia."

Saidy akamtazama Ridhiwani. Ridhiwani akatazama maji.

"Bwana Saidy," Bi Kudra akasema, "si umeandika kuwa eneo ulilipima mwenyewe kwa miguu?"

"Ni... ni kule mbele kidogo."

"Mbele kushoto au kulia?" Fikirini akauliza, na hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Zamda angeweza kusema tangu mwanzo. Hakusema. Alimwacha Saidy atokwe na jasho mpaka shati likagandana na mgongo, na kila tone lilimburudisha kama maji ya mtungi. Ndipo akafungua mkoba.

"Mtoro ni baba yangu," akamwambia Bi Kudra, akimkabidhi karatasi. "Mpango huu niliuandika mimi, kwenye usaili wa nne. Barua ya Bwana Ridhiwani ya kuniagiza hiyo hapo, na tarehe zake. Maji yanakupwa; mkitaka kupaona, tuondoke sasa."

Wakaondoka, yeye akielekeza. Walipofika akawataka wote washuke kwenye tope. Ridhiwani akasitasita.

"Shuka, Bwana Ridhiwani. Upeo hauonekani ukiwa botini."

Akashuka. Tope likamla hadi magotini, kiatu kimoja kikabaki humo humo. Zamda hakumpa mkono.

Uchunguzi ulichukua miezi miwili. Ridhiwani akaondolewa, Saidy akasitishiwa mkataba, na Zamda akaletewa barua ya umeneja bila kuitwa tena kwenye usaili.

Kabla ya kuondoka Kibiti, Saidy alikwenda nyumbani kwa Zamda. Alikataa kiti.

"Dada Zamda, wallahi Bwana Ridhiwani alinipa ule mpango akaniambia ni wa ofisi. Sikujua una mwenyewe. Naomba uniandikie barua ya kunidhamini, nina watoto."

Zamda alimwamini. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Alipokupa ulikuwa na jina?"

"Haukuwa na jina."

"Ukaandika lako."

Saidy akainamisha kichwa. "Nikaandika."

"Basi nenda salama."

Shangazi alisikia yote kutoka uani. Saidy alipotoweka kwenye kona, alitoka na kikombe cha chai akamwekea.

"Yule kijana ungemsamehe, Zamda."

"Najua, shangazi," akasema, akavuta sukari. "Sitaki."