Dirisha la Chumba cha Pasi

Chumba cha pasi cha hoteli ile kilikuwa na dirisha moja, nalo limepigiliwa misumari, eti wageni wasiwaone wafuaji. Bi Nyoosha alipiga pasi humo miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa kwa kuwa hata kitambaa cha deki hakuweza kukiacha na mkunjo. Siku moja wifi yake, wanayepiga naye pasi meza moja, alizimia kwa joto. Wafuaji wote wanane wakapatana: Alhamisi watagoma saa moja tu, saa nne hadi saa tano asubuhi, dirisha lifunguliwe.

Uvivu ni dhambi, sikatai. Lakini bidii isiyo na akili nayo ina hesabu yake. Alhamisi Bi Nyoosha alifika kazini alfajiri, peke yake. Saa nne ilipogonga, kila shuka lilikuwa limenyooshwa na kupangwa rafuni.

Wakakaa uani, kifua mbele. Meneja akapita akitabasamu. "Leo mmewahi kumaliza, mama zangu! Pumzikeni."

Wifi akageuka. "Wifi, umefanya nini?"

"Sasa wageni walalie mikunjo?"

"Basi huu si mgomo, mwenzangu. Ni mapumziko ya chai bila chai!"

Bi Nyoosha alicheka pamoja na wenzake. Jioni akamwona wifi yake ameshika ukuta asianguke, na kicheko kikaingia nyongo.

Alhamisi iliyofuata wakagoma tena, saa ileile. Safari hii mashuka yalibaki kapuni, yamekunjamana kama uso wa mwenye jino bovu. Bi Nyoosha aliikalia mikono yake, maana hakuiamini. Saa nne na nusu wageni walijaa mapokezi wakidai vyumba. Meneja akaingia kupiga pasi mwenyewe. Baada ya dakika kumi akatoka, shati limemganda mgongoni.

"Humo mnapumuaje?"

"Kwa zamu, bosi," wifi akajibu.

Meneja akaagiza nyundo. Saa moja ya mgomo inatosha, mradi iwe saa ambayo kazi yako inahitajika.

Misumari iling'olewa zikiwa zimesalia dakika kumi na mbili. Bi Nyoosha akainuka mbio. Wifi akamvuta gauni.

"Kaa! Tulisema mpaka saa tano."

Akakaa. Lakini hakulitazama dirisha. Alilitazama shuka alilolipiga pasi meneja, akaumia.