Migono Tuliyoichoma Ugalla

Vijana wa idara ya samaki hapa pwani huniuliza kazi hii nilianzia wapi. Wananijua kwa mambo ya bahari tu, matumbawe na pweza na nyavu za kutanda. Nikiwaambia nilianzia Tabora wanacheka, wakidhani ni utani wa Kinyamwezi, maana Tabora na bahari wapi na wapi. Nami huanza kuwaeleza, kisha hasira hunipanda katikati ya maelezo, nikanyamaza, tukarudi kwenye kazi. Leo sina wa kunicheka. Nitaandika hadi mwisho.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule Tabora mjini, nikapelekwa ziwani mwaka mmoja kujifunza habari za samaki, nikarudishwa kwetu na cheo cha msaidizi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni: meza mbili, chupa za spiriti zenye samaki ndani, na darubini moja ambayo niliifunika kwa kitambaa kila jioni kama mtoto aliyelala. Mkubwa wangu alikuwa Mwingereza kijana, naye ametokea ziwani. Watu walimwita Bwana Samaki, na mimi wakaniita Bwana Samaki Mdogo.

Nisimsingizie. Yeye ndiye aliyenifundisha kumpima samaki kwenye ubao, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, na kumpasua kwa mkasi pasipo kuharibu utumbo, na kuyatambua mayai mabichi na mayai yaliyoiva. Alinifundisha kuandika kile nilichokiona, si kile nilichotarajia kukiona. Alinifundisha vizuri. Jambo hili linaniumiza kuliko kama angekuwa mjinga.

Kila mwezi nilipanda treni ya Mpanda, nikashuka pale reli inapovuka mto Ugalla, nikatembea na boksi langu kichwani kufuata mto. Asiyeujua Ugalla asidhani ni mto wa kutiririka mwaka mzima. Masika unafurika, unameza mbuga zote mpaka unaona nyasi zinasimama majini. Kiangazi unakatika vipande, unabaki madimbwi, na kila dimbwi linapungua siku hadi siku mpaka samaki wanagusana migongo. Hapo ndipo watu wa kule walipovua tangu babu zao. Walivua kwa migono, mitego ya fito iliyosukwa kama kapu refu, mdomo mpana na koo jembamba, samaki akiingia hatoki. Kambare na perege waliokaushwa kwa moshi walipelekwa Tabora kwa njia ileile ya zamani ya misafara, zamani vichwani, wakati wangu juu ya baiskeli.

Shangazi yangu aliishi huko, dada wa baba. Mama alifariki nikiwa mdogo, na shangazi ndiye aliyenilea. Kaptula yangu ya kwanza ya shule ilitoka kwenye kambare wake. Nilipoanza kazi nililala kwake kila safari, na jioni aliketi karibu nami akitazama ninavyopasua samaki na kuandika. Siku moja aliuliza ninatafuta nini tumboni mwao. Nikamwambia natafuta mwezi wanaotaga.

Akasema, "Si ungeniuliza mimi?"

Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Akaniambia kwamba kambare hupanda mbugani mvua ya kwanza inapolainisha nyasi, na perege jike hubeba mayai mdomoni wakati huohuo, hali chakula, anakonda mpaka kichwa kinakuwa kikubwa kuliko mwili. Kiangazi, alisema, samaki wa dimbwini hana mayai. Anangoja mvua, na asipoipata anakufa.

Nilipima miaka miwili. Nilijaza madaftari matatu. Kila ukurasa ulisema alivyosema shangazi.

Basi ikaja amri. Bwana Samaki alikuwa na sheria aliyotoka nayo ziwani, ya kufunga uvuvi miezi ya kiangazi ili samaki wazae kwa amani, na kupiga marufuku mitego yote yenye matundu madogo. Kwa ziwani sijui, pengine ilifaa. Kwa Ugalla ilikuwa kinyume kabisa. Ilimaanisha watu wasivue wakati samaki wamo katika madimbwi ambayo yatakauka tu, kisha waruhusiwe kuvua mvua zikianza, wakati majike wamejaa mayai.

Niliandika ripoti kwa Kiingereza, kurasa nne, nikaiandika upya mara tatu ili isiwe na kosa hata moja. Nikampa mkononi. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Kisha akaiweka mezani akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kazi yangu ni kupima, na kufikiri nimwachie yeye. Akaongeza kwamba tangazo lilikwisha kupelekwa Dar es Salaam na haliwezi kurudishwa kwa sababu ya madaftari.

Nilisema, "Ndiyo, bwana."

Maneno hayo mawili nimeyabeba muda mrefu. Nilikuwa na mke mtaani Chemchem pale mjini, na mtoto wa miezi mitano, na nyumba ya serikali, na viatu. Hizo ndizo sababu zangu. Naziandika hapa zisomwe, sizitetei.

Mwezi wa saba tulishuka mtoni, mimi na askari wawili wa mtemi. Amri ilikuwa kukusanya migono yote na kuichoma mbele ya watu. Bwana Samaki hakuja. Alibaki mjini, akasema watu watanisikiliza mimi zaidi kwa kuwa ni mwenyeji. Tulipita kijiji kwa kijiji. Wengine waliificha vichakani, askari wakaitoa. Iliyokuwa imekauka iliwaka mara moja, fito zikilia kama chumvi motoni. Iliyotolewa majini ilitoa moshi tu, ikabidi tuisubiri.

Kijijini kwa shangazi sikumwona miongoni mwa watu. Nilijipa moyo kwamba yuko shambani. Kumbe alikuwa nyumbani anaifungua migono yake darini, na akaja nayo mwenyewe, mmoja begani, mwingine mkononi, akaiweka chini mbele ya miguu yangu. Nikamwamkia. Hakuitikia. Watu wote walikuwa wanatutazama.

"Choma, kama umetumwa," alisema. "Lakini ukimaliza usije kwangu kula."

Nikachoma. Askari mmoja, mtu mzima, aligeuka akatazama mto. Mimi sikugeuka. Nilihofia kwamba nikigeuka nitalia, na nilikuwa nimevaa sare.

Mwezi wa kumi nilirudi kupima. Madimbwi yalikuwa yameisha. Samaki walikuwa wamelala kwenye tope, wengine wakipumua bado, wengine wameoza, na ndege korongo wameshiba hata hawawezi kuruka, wanatembea tu kama wazee waliotoka karamuni. Kilomita baada ya kilomita. Vijijini watu walikuwa wanakula ugali kwa chumvi. Nilipima nilichoweza kupima. Nilipasua perege mia moja kutoka kwenye lile tope, na sikukuta hata mmoja mwenye yai lililoiva.

Kisha mvua zikaja na sheria ikaruhusu. Watu walikuwa na njaa, wakaingia mbugani na chochote walichokipata, vyandarua, vikapu, hata majembe. Sokoni Tabora kambare walijaa kuliko nilivyowahi kuona, na matumbo yao yalikuwa mazito kwa mayai. Wanawake wa mjini walifurahi, mayai ya kambare ni matamu. Nilisimama pale sokoni na daftari langu, sikuandika kitu. Nilirudi ofisini, nikamkuta Bwana Samaki anaandika taarifa ya mwaka. Aliniuliza soko likoje. Nikamwambia samaki ni wengi. Alifurahi, akaandika kwamba sheria imeanza kuzaa matunda.

Mwaka uliofuata alikuja mgeni, mtaalamu kutoka Ulaya, mtu mpole, aliyesalimia kila mtu kwa mkono. Alikaa nasi wiki tatu. Mtoni nilimbebea ubao na spiriti, na nilipoona anauliza maswali ya maana nilimwonyesha madaftari yangu. Alikaa nayo siku nzima. Jioni akaniita rafiki yake, akaniomba ayaazime. Nikampa yote matatu, na kusema kweli nilijiona nimepona. Nilidhani hatimaye kuna mtu mwenye macho.

Madaftari hayakurudi. Ilirudi karatasi iliyochapwa. Bwana Samaki alinionyesha mwenyewe, akiwa na furaha, hakuna ubaya aliouona. Hesabu zilikuwa zangu zote, mwezi kwa mwezi. Hata kosa langu lilikuwamo: mahali fulani niliwahi kugeuza tarakimu mbili, na pale kwenye chapa zilikuwa zimegeuzwa vilevile. Mwishoni mwandishi alimshukuru Bwana Samaki kwa takwimu zake, na akawashukuru wenyeji kwa kubeba mizigo.

Nilimuuliza Bwana Samaki kama ile ripoti yangu ya kurasa nne bado ipo. Akasema hakumbuki ripoti yoyote.

Kwa nguvu ya karatasi ile sheria ikabadilishwa. Miezi ya kufunga ikahamishwa hadi mvua za kwanza, na migono ikaruhusiwa kiangazi. Sawasawa na alivyosema shangazi akiwa ameketi karibu nami na mkono shavuni. Ikaitishwa baraza kwa mtemi, watu wa vijiji vyote vya mtoni waje wasikie. Safari hii Bwana Samaki alikuja mwenyewe. Alizungumza kwa Kiingereza, na mimi nikatafsiri. Alisema serikali imechunguza kwa makini, imegundua miezi ya kweli ya kutaga, na kwamba watu sasa wanaona faida ya sayansi.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Kisha sikunyamaza. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya mkalimani, kwamba migono ya mwaka juzi ilichomwa kwa makosa. Samaki wa kiangazi hawakuwa na mayai, na jambo hilo lilijulikana ofisini kabla ya moto kuwashwa.

Bwana Samaki alikuwa anatabasamu, akingoja nimalize. Shangazi akainuka upande wa wanawake. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile.

"Nani alijua?" akauliza.

"Mimi nilijua."

"Ulijua, ukachoma."

"Nilijua, shangazi. Nikachoma."

Nilitaka anitukane. Ningetukanwa pale mbele ya mtemi ningeshukuru. Yeye akaketi, akajifunga kanga yake vizuri, akatazama mbele kama mtu anayesubiri baraza liendelee. Bwana Samaki akaniuliza yule mama anasema nini. Nikamjibu kwamba anauliza habari za miezi.

Karani wa mtemi alijua Kiingereza. Sijui alimwambia nini Bwana Samaki wakati wa chai, lakini baada ya wiki mbili nikapewa barua ya uhamisho kwenda pwani, kwa manufaa ya kazi. Mke wangu alilia, maana hakuwahi kuiona bahari na alisikia ina majini. Yeye Bwana Samaki alipandishwa cheo mwaka huohuo. Sijawahi kusikia kwamba alilala vibaya usiku mmoja kwa ajili ya Ugalla.

Nilikwenda kumuaga shangazi. Alinipa kigoda na maji ya kunywa, tukazungumza habari za mvua na za mtoto wangu aliyeanza kusema. Alikuwa anasuka mgono mpya, vidole vyake havikusimama wakati wote tulipokuwa tunaongea. Nilijaribu kumwomba radhi. Akasema maneno hayo niyapeleke kwa watoto waliokula chumvi kiangazi kile, yeye ni mtu mzima. Alifariki mwaka wa pili wa uhuru, nami niko kisiwani, habari ikanifikia akiwa amekwisha kuzikwa.

Wengine husema hasira ikikaa sana inachacha, inakuwa kitu kingine, busara labda. Yangu haijachacha. Namkasirikia yule mkubwa aliyenifundisha kuandika ninachokiona, kisha akakataa kukisoma. Namkasirikia mgeni mpole aliyeniita rafiki. Lakini wao nawakasirikia kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Yule kijana mwenye sare aliyesema ndiyo, bwana, huyo namkasirikia kila siku, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na migono mbele yake na kiberiti mkononi na ukweli kichwani.

Mwezi wangu wa kwanza huku pwani mkubwa mpya alinipa tangazo la kufunga uvuvi wa tasi kwa miezi mitatu, nilipeleke visiwani. Nikamuuliza ni nani aliyewapasua hao tasi. Hakuelewa swali. Nikamwambia sitalipeleka mpaka nijue mayai yao yanaiva lini, na kabla ya kupima nitawauliza wanawake wanaowakausha. Aliniandikia barua ya onyo kali. Nikaitia sahihi kwamba nimeipokea, nikachukua ubao wangu na mkasi, nikateremka forodhani kuuliza.