Simile Hakuwa Mbwa wa Kukamata

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba, filimbi na mbwa jike mweusi aitwaye Simile. Meneja wa uwanja wa gofu, mama mtu wa Moshi aliyehamia Mtwara, alinisimamisha kando ya bwawa.

"Unawaona wale mabata bukini?" akaniuliza. "Wanapanda kutoka mdomo wa Ruvuma, wanang'oa majani na kunya kila mahali. Wewe na Simile mtawaondoa. Ila nikisikia amemng'ata hata mmoja, mtaondoka nyote wawili."

Vijana, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbwa haachiwi akimbie ovyo. Akiambiwa "Nyata," anashusha tumbo kwenye majani na kusogea huku amewakazia macho. Bata akikutana na macho hayo kila alfajiri, huona pale si pa kulala, akahama mwenyewe. Nikisema "Basi," Simile analala hapo hapo alipo. Na msimu ambao mabata wamenyonyoka manyoya ya mbawa, hawawezi kuruka, mbwa hafunguliwi kabisa. Tunazungushia bwawa kamba na kuvumilia.

Mtaani waliniita Shehe Mbwa. Mimi ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi: unaosha mara saba, moja kwa udongo. Niliosha miaka yote ile, na bado msikitini kuna waliosogea pembeni nikikaa. Liliniudhi, lakini nililimeza.

La meneja wa tatu sikulimeza, na sitalimeza. Huyu alipanga mashindano ya wageni wakubwa katika msimu huohuo wa kunyonyoka.

"Mzee Saidi, huyu mbwa anakula bure," aliniambia. "Mbwa gani hakamati?"

Nikamweleza habari ya mbawa. Akacheka. "Wewe na mbwa wako mmezeeka pamoja."

Ijumaa nilimfunga Simile bandani, nikaenda mapema kujitwaharisha. Niliporudi kutoka msikitini nikakuta manyoya yametapakaa bwawa zima na wageni wanapiga picha. Meneja alikuwa amemfungua mwenyewe, akamsukumia mabata wasioweza kuruka huku akipiga kelele, "Kamata!" Simile alisimama na bata mdomoni, akinitazama. Nikasema, "Basi." Akalala chini na bata wake.

Haikupita wiki, Simile akaingia uani kwa Mama Anifa, mzaliwa wa Msumbiji aliyefuga mabata jirani na uzio wetu, akawaua. Mama wa watu alikuja kwangu, si kwa meneja.

"Baba, mbwa wako alikuwa anapita hapa kama jirani," alisema. "Nani kamwambia bata ni chakula?"

Nikampeleka kwa meneja ajibu mwenyewe. Akajibu kwa kuagiza Simile apigwe risasi. Nikaomba nimpeleke kwetu Nanyamba, akakataa. "Huyo ni hatari kwa jamii," alisema, yeye aliyemfundisha. Simile aliuawa asubuhi, mimi nimeshika kamba ile ile niliyopewa siku ya kwanza.

Nimestaafu mwaka huu. Meneja ni yuleyule, tena kapandishwa cheo. Kwenye sherehe ya kuniaga alinisifu sana, kisha akanikabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi za kung'aa. Ilikuwa picha kubwa ndani ya fremu: Simile, na bata mdomoni. Watu wakapiga makofi.

Nimeitundika, ila nimeigeuza itazame ukuta. Wajukuu wakiuliza kwa nini, nawaambia huyo mbwa hakuwa wa kukamata.