Mashua Iliyopimwa

Watu wa Myanga wakikusimulia habari za Wabwile watakuambia alikuwa na wazimu wa maji. Usiwasikilize. Nusu yao hawajawahi kuona maji mengi kuliko ya karai, na nusu iliyobaki walimcheka wakati ule na sasa wanaona haya. Ukitaka ukweli wenye nyama yake, soma hapa.

Wabwile alikuwa seremala, mtu mrefu mwenye mdomo mrefu zaidi, aliyefika darasa la sita na kulitaja kama wengine wanavyotaja chuo kikuu. Ujanani alifanya kazi kwenye mashua za Kisumu, na aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya themanini hakuna aliyepata usingizi kwa hadithi zake. Ukimwambia mlango uko kushoto, alikuuliza kwanza wewe mwenyewe umeelekea wapi. Mkewe Sellah, muuza nyanya katika soko la Chwele, alikuwa akiwaambia wenzake, "Waliniozesha mtu, nikaletewa samaki."

Mashua aliipata kwa mzee Harnam, Singasinga mwenye kiwanda cha mbao pale Kitale. Mzee huyo alikuwa ameinunua ili familia yake ipunge hewa Jumapili kwenye Bwawa la Kapteni, lile bwawa lililoachwa na mlowezi mmoja ambaye, kwa taarifa yako, alikuwa kapteni wa farasi na hakuwahi kushika kasia. Akaipa mashua jina la binti yake, Premlata. Mkewe Dayawanti aliipanda mara moja tu, akatapika mpaka kwenye viatu vya mumewe, akaapa kwamba kuliko kurudi humo ataenda India kwa miguu. Basi mashua ikakaa chini ya turubai miaka na miaka. Watoto walipohamia ng'ambo, Harnam alimwita Wabwile, aliyekuwa amemtengenezea milango tangu zamani.

"Chukua hii, fundi. Lakini jina ya mtoto yangu iko juu ya hii. Usizamishe."

Wabwile hakuuliza mara mbili. Akafunga karakana, akauza randa, akauza misumeno, akamwambia Sellah, "Sasa tutakula maji." Hapo ndipo alipoliweka rehani tumbo la nyumba yake yote: kama watu wangepanda, wangekula, wasipopanda, hakuwa tena na hata nyundo ya kurudia.

Na walipanda. Maharusi wa Bungoma walikuja kupigwa picha majini. Wahindi wa Kitale walikuja na sufuria za chakula na mito ya kukalia. Wabwile alichukua watu sita, hakuzidisha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa Kisumu, na pia kwa sababu akizidisha injini ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Alivaa kofia nyeupe. Alisimama nyuma kama gavana.

Halafu akaja Wakhungu.

Wakhungu alikuwa na baa Chwele, na alipoona kofia nyeupe inang'aa akatengenezesha mashua yake, ndefu, ya mbao, na paa la mabati na spika mbili kubwa kama makabati. Aliipakia kama lori la kabichi siku ya soko. Watu wakaipenda, na usiwalaumu haraka: kwa Wabwile uliambiwa kaa, usisimame, usinywe; kwa Wakhungu ulipanda na ukoo mzima, muziki ukilia na chupa ikizunguka.

Mwaka wa tisini na tatu chifu aliita baraza, akaja afisa wa vyombo vya majini kutoka Kisumu, mwanamke aliyeitwa Jeruto. Alivaa suruali, jambo ambalo wazee walilijadili kuliko yote aliyoyasema. Aliyosema ni haya: mashua ndogo za kukodiwa sheria haikuzilazimisha kukaguliwa, lakini mwenye nazo akitaka amwite. Ni hiari, tena bure. Akiridhika atabandika stika.

Wakhungu alisimama. "Madam, mimi nikiwa mzima, hosipitali naenda kufuata nini?"

Baraza likaangua kicheko. Wabwile, ambaye hakuweza kuona kicheko kinamwendea mtu mwingine akanyamaza, akainua mkono juu kabisa. "Andika yangu. Plemrata!" Alitamka hivyo, kwa ule ulimi wa Bungoma ambao l na r zinabadilishana viti bila kuuliza mtu.

Alidhani ukaguzi ungekuwa wa kunywa chai. Jeruto alikuja, akavua viatu, akaingia mpaka chini ya mbao za sakafu. Jaketi za kuelea alizikuta chini ya viti, zimefungwa kwa waya zisiibwe.

"Hizi ni za kuokoa nani, mzee? Waya?"

"Madam, hapa kuna wezi."

"Na mtungi wa kuzima moto uko mtupu. Na mtoto akipanda atavaa nini, hii ya kumtosha ng'ombe?" Kisha akauliza, "Ukitoka hapa na watu, nani huku nchi kavu anajua umebeba wangapi na unarudi lini?"

"Mungu."

"Polisi wakimhitaji, Mungu atakuja kituoni kuandikisha?"

Akamnyima stika. Wabwile alikasirika siku nyingi, akamwita majina ambayo hayaandikiki hapa. Lakini mwisho aliuza baiskeli, akajazisha mtungi, akaagiza jaketi ndogo za watoto, akakata waya zote, akanunua filimbi na kopo la kukumba maji yakiingia. Akamweka mlinzi wa bwawa ahesabu vichwa kila safari. Jeruto aliporudi alizunguka, akagusa hiki na kile, akatoa stika. Ilikuwa ndogo kama kiganja, na maneno yake ya Kizungu.

Sasa hapa ndipo mwanadamu alipojichimbia shimo. Stika ndogo ilimuuma. Mtu amesumbuka hivyo, halafu sifa zake zitoshe kiganja? Akamwita Jotham, mchoraji wa vibao vya hoteli pale Bungoma.

"Andika ubavuni, herufi kubwa, nyekundu: IMEKAGULIWA."

Jotham alichovya brashi, akasita. "Ni imekaguliwa ama imekaguriwa?"

"Imekaguriwa."

"Hiyo umesema na r."

"Mimi? Nimesema imekaguriwa."

"Si ndiyo hiyo bana!"

Walilitamka kwa zamu mpaka yote mawili yakawa sawa na yote mawili yakawa makosa. Na walimu wa Kitale walikuwa wanakuja bwawani kila Jumapili. Hao ndio waliowahi kupiga picha kibao cha Wabwile cha TUNAKALIBISHA WAGENI na kuipeleka hadi chumba cha walimu. Wabwile hakuwa tayari kwa fedheha ya pili.

"Tafuta neno lingine, halina hiyo balaa."

Jotham alifikiri. "Imepimwa."

"Hilo! Halina l, halina r. Andika, tena kubwa."

Kama una umri wa kutosha unajua kilichofuata. Kama huna, elewa kwamba miaka ile kupimwa kulikuwa na maana moja tu. Kulikuwa na ugonjwa usiotajwa jina. Mtu alikonda, akafa, msibani ikasemwa ni malaria, ikasemwa ni kifua, na nyuma ya nyumba watu wakanong'onezana, "Alikuwa amepimwa." Likishasemwa hilo, kikombe chake hakikunywewa tena na godoro lake lilichomwa. Waliobaki walizika haraka, kwa mbali, bila kuosha wala kukesha. Neno hilo ndilo Wabwile alilolipaka ubavuni mwa mashua, kwa rangi nyekundu.

Jumapili ya kwanza watu walisimama ukingoni wakasoma. Wakhungu akashika maikrofoni yake. "Jamani! Mashua imepimwa, lakini majibu hatujaambiwa!"

"Imepita!" Wabwile alipiga kelele. "Imepita mtihani!"

"Imepita wapi bana? Imepata!"

Ndiyo hivyo. Kuanzia siku hiyo ikaitwa Aliyepimwa. Maharusi hawakutaka neno hilo kwenye picha. Kina mama waliwavuta watoto wao kwa mkono. Hata waliojua vizuri kwamba mbao hazipati ugonjwa walikwenda kwa Wakhungu, kwa sababu kupanda mashua ni raha na hakuna raha ya kuchekwa. Wahindi wa Kitale nao wakaacha kuja. Hawakusema kwa nini, na kwa watu hao kutosema ndiyo adabu.

"Paka rangi juu yake," Sellah alimwambia. "Leo hii, usingoje kesho."

"Nifute ukweli kwa ajili ya walevi?"

"Futa kwa ajili yangu, baba Nekesa. Huko Chwele wananunua nyanya kwa jirani, zangu wanaziangalia tu."

"Watachoka kucheka."

Hawakuchoka. Na Wabwile hakufuta. Usidhani ni ushujaa. Ni kichwa kigumu, kile kile kilichomfanya ainue mkono barazani. Ilipofika Novemba nyumba ilikula nyanya zilizokosa mnunuzi, asubuhi na jioni.

Tumaini moja lilibaki. Chama cha akina mama wa kanisa lao kilipanga kutembea bwawani siku ya pili ya Krismasi, na Sellah alikuwa katibu wake. Wabwile aliona matatizo yamekwisha: kina mama wakipanda, Krismasi yote ya Bungoma itapanda. Siku hiyo aliamka akapiga pasi kofia. Akatandaza jaketi nyasini, kubwa na ndogo, kama mtu anayeanika mahindi. Alikuwa tayari kuwavusha kwa zamu, sita sita, mpaka waishe.

Walikuja wakiimba, kitambaa kimoja wote. Mama Rispah, mjane mtu mzima, alitangulia. Akachukua jaketi, akaivaa, akaomba afungwe kamba.

"Mama Rispah!" mmoja akaita kutoka nyuma. "Umejipeleka kupimwa na uzee huo? Ulikuwa unafanya nini sisi tukilala?"

Kicheko kikapasuka. Mama Rispah naye akacheka, kama mtu anavyocheka akiwa amekanyagwa. Akajifungua kamba, akaikunja jaketi vizuri, akamrudishia Wabwile kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe ni mtu mzuri."

Wakaelekea kwa Wakhungu, ambako wangepanda wote pamoja na wimbo wao usikatike. Sellah alibaki amesimama katikati ya nyasi.

"Sellah," Wabwile aliita. "Njoo hapa."

Aliangalia pindo la nguo yake. Kisha akawafuata wenzake.

Wabwile aliona mashua ya Wakhungu inavyokaa majini, maji yamefika karibu na mkono wa aliyekaa. Akakimbia hadi ukingoni. "Wakhungu! Umebeba wangapi?"

"Wote!" Wakhungu akajibu kwa maikrofoni, na wote wakashangilia.

Alasiri upepo wa Mlima Elgon uliteremka kama kawaida yake. Mpiga picha mmoja alikuwa ukingoni, akawapungia mkono, na kina mama wakasimama upande mmoja wapigwe picha. Mashua iliinama taratibu, kama mtu anayeokota kitu. Paa la mabati likawafunika.

Wabwile alikuwa ameshawasha injini kabla ya yowe la kwanza. Alirusha kila jaketi aliyokuwa nayo, akavuta watu kwa nywele, kwa vitambaa, kwa chochote kilichoshikika, akawashusha na kurudi, na kurudi tena, na siku hiyo hakuhesabu sita. Hakuna aliyesoma ubavuni kabla ya kupanda. Alimkuta Sellah amekumbatia spika inayoelea. Wakhungu aliogelea mwenyewe.

Polisi walipofika waliuliza swali la Jeruto: walikuwa wangapi? Hakuna aliyejua. Ikabidi watu watumwe nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajarudi. Kwa Mama Rispah hakukuwa na wa kujibu, alikuwa akiishi peke yake, na kwa hiyo alitafutwa wa mwisho. Walimpata maiti kesho yake kwenye matete, yeye na mwingine, mke kijana.

Mwezi wa kwanza ilitoka amri: bwawa limefungwa, mashua zote zitolewe. Jeruto alikuja kuisoma mwenyewe, na askari wawili.

"Yangu ulikagua wewe," Wabwile alimwambia. "Ndiyo iliyowatoa."

"Najua, mzee. Amri haikuchagua."

"Na hii ni hiari pia?"

"Hapana," Jeruto alisema, akiwaangalia askari badala yake. "Hii ni lazima."

Wakhungu alijificha kwa jamaa zake miezi michache, akarudi kuuza pombe. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikasahaulika. Ila Wabwile watu hawakumsahau. Walisema: yule alijua. Kama hakujua itazama, jaketi zote zile alikuwa anamwekea nani? Hayo yalisemwa na watu aliowavuta kwa nywele.

Alirudi kwenye useremala, kibarua katika karakana ya mtu mwingine, akitumia randa ya kuazima. Mdomo ule mrefu ukafupika. Jambo moja tu lilimkaa kooni, na siku moja ya mvua, Sellah akichagua nyanya mlangoni, lilitoka.

"Uliona ile mashua imejaa. Umeishi na mimi, unajua. Kwa nini ulipanda?"

Sellah hakuinua kichwa. "Ningepanda yako wangesema na mimi nimepimwa."

"Maneno tu hayo, Sellah! Na ungekufa je?"

Alitupa iliyooza uani, akachukua nyingine.

"Ningezikwa vizuri."